Jibu: Makapi ya mpunga badala ya masizi kwenye mpira

Ndugu, umeuliza kama makapi ya mpunga ya Mwea, yakisagwa, yanaweza kuchukua nafasi ya masizi (unga mweusi wa kaboni unaotiwa kwenye mpira ili kuuimarisha) katika mikeka ya mpira unayotengeneza hapa Nairobi. Kwa sehemu, ndiyo. Masizi hutokana na mafuta mazito ya petroli, kwa hiyo kuyapunguza kuna maana. Lakini makapi yasiyochomwa hujaza tu, hayaimarishi mpira, kwa sababu nyuzi za mmea hupenda maji ilhali mpira huyakataa, na viwili hivyo havishikani vizuri. Yakaushe kabisa kabla ya kuchanganya: mkeka wangu wa kwanza, nilipoukata, ulikuwa na vitundu kama mkate, kwani unyevu uligeuka mvuke wakati wa kuupika kwa salfa.

Majivu yake ndiyo yenye thamani zaidi. Makapi yakiungua vizuri, silika (madini yaliyomo pia kwenye mchanga) hufikia asilimia 85 hadi 95 ya majivu hayo, na kampuni ya matairi ya Goodyear hutumia silika ya aina hiyo katika matairi. Joto la moto lisipite nyuzi 700 hivi za Selsiasi, la sivyo silika huanza kuwa fuwele, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Silani kidogo, yaani kemikali ya kuunganisha, itaisaidia silika kushikamana na mpira.