Seli Inavyotambaa: Majibu kwa Wasomaji

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu, skuli moja ya Wete. Seli haina miguu, mbona inatembea?

Marahaba mwanangu. Ndani yake mna kiunzi: nyuzi za protini iitwayo aktini, zenye unene wa nanomita 7 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na mirija ya protini ya nanomita 25. Usikifananishe na mifupa. Kifananishe na magogo yanayoegemeza dau linapoundwa ufukweni Nungwi: fundi akihamia ubavu wa pili, magogo nayo yanahamishwa. Seli nayo hukibomoa kiunzi chake na kukijenga upya mbele, ndivyo inavyosogea.

Nalima mwani Paje. Nilikatwa na kombe unyayoni, na baada ya siku chache kidonda kikafunga. Ngozi mpya ilitoka wapi?

Pole sana dada. Ilitoka pembeni mwa kidonda, ikatambaa. Seli ya ngozi hurefusha nyuzi za aktini kwa mbele, ukingo ukasukumwa; hujishikiza hapo, kisha huvuta mkia wake.

Anayeendesha kazi hiyo ni fosfeti, kitu kidogo mno kinachobandikwa juu ya protini. Kuna protini iitwayo kofilini, kazi yake kukatakata nyuzi kuukuu ili vipande vijenge nyuzi mpya. Ikibandikwa fosfeti, inaacha kukata. Ikibanduliwa, inarudi kazini. Miosini, protini inayovuta nyuzi, ni kinyume chake: ikitiwa fosfeti ndipo inapozikamata nyuzi na kuzivuta, mkia ukafuata. Fosfeti ni ile ile, huku inazuia, kule inaamsha. Nimelifundisha hili miaka mingi na bado hunishangaza.

Nani anabandika, nani anabandua?

Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Vile viitwavyo kinasi hubandika, kwa fosfeti vinayoitoa kwenye ATP, kibeba nishati cha seli; viitwavyo fosfatasi hubandua. Binadamu ana kinasi za aina zaidi ya 500. Edmond Fischer na Edwin Krebs waliugundua utaratibu huu miaka ya 1950 wakichunguza misuli, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Baba yangu, hapa Chake Chake, ana maradhi ya Alzheimer. Daktari ametaja "tau". Ni nini?

Mungu amsahilishie. Tau ni protini inayoishikilia ile mirija ndani ya seli za ubongo. Katika maradhi haya hurundikiwa fosfeti kupita kiasi, ikaiachia mirija na kugandana mafundo mafundo. Sehemu zinazohifadhi kumbukumbu mpya huathirika mapema. Ndiyo maana atakuuliza kama ameshakunywa chai, na papo hapo akakusimulia msimu wa karafuu wa ujana wake, mkarafuu kwa mkarafuu.