Mbwa analamba dawa ya kidonda, atadhurika?

SWALI: Daktari habari ya kazi. Mbwa wangu kajikata mguuni, chini karibu na kucha, nikaosha nikampaka ile iodini ya kahawia, sasa kila nikigeuka yeye analamba yote mpaka ulimi unakuwa wa njano. Nimepaka tena, kalamba tena. Hajatapika na chakula anakula vizuri ila roho yangu haijatulia. Je ni sumu? Na kuna dawa gani ambayo hata akilamba haina shida?

JIBU: Salama ndugu yangu, na pole kwa mgonjwa. Kama ni iodini ya maji (povidoni-ayodini) na kalamba kidogo tu iliyokuwa juu ya ngozi, usihangaike sana, wengi wanatema mate mengi au tumbo linavurugika kidogo basi yanaisha. Mpe maji ya kunywa umwangalie. Ila kuanzia leo usipake ikiwa nzito kama ilivyotoka kwenye chupa, ichanganye na maji safi mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, inaua vijidudu vizuri tu na haichomi nyama ya kidonda.

Mimi kinachonitia hofu zaidi ni vile watu wanavyobadilisha wakiona iodini "haikai". Wengine wanahamia kwenye zile antiseptiki za majumbani zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji, hizo zikilambwa bila kuzimuliwa zinaunguza ulimi na koo, na kama nyumbani kuna paka naye anamlamba mwenzie ni hatari zaidi maana ini la paka linashindwa kuzivunja. Wengine wanachukua krimu ya upele wa watoto yenye zinki oksaidi, mbwa akiila mara kwa mara zinki inavunja seli nyekundu za damu, utaona ufizi umepauka na mkojo umekuwa mweusi. Jeli ya maumivu ya misuli yenye diklofenaki ndiyo naikataa kabisa, inatoboa tumbo na kuumiza figo. Mafuta ya mti wa chai yasiyozimuliwa pia acha, mbwa anaweza kulegea miguu akayumba. Haidrojeni peroksaidi na spiriti sitaki hata zikaribie kidonda, kwanza zinaua nyama mpya inayoota.

Halafu hata ukipata dawa isiyo na madhara yoyote, kulamba kwenyewe bado ni tatizo. Watu wanasema mate ya mbwa ni dawa, jamani, mdomo wa mbwa umejaa bakteria na ulimi wake unakwangua, anatoa ngozi changa kila siku na kama kuna nyuzi anazing'oa, ndo maana kidonda kidogo kinakaa wiki nzima kibichi. Kwa hiyo swali lako la pili najibu hivi: tafuta kola, ile ya plastiki inayozunguka shingo kama koni, avae na usiku pia, usimwonee huruma ukamvua maana ukilala ndo anapata nafasi. Atagonga kuta siku ya kwanza halafu anazoea. Bendeji peke yake ataitafuna, na ikilowa mate inakuwa mbaya kuliko kuacha wazi.

Kusafisha tumia maji ya chumvi, kijiko kidogo cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, hayo hata akilamba tone hayamdhuru.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo haraka na ubebe chupa ya dawa aione, kama ametapika mara nyingi, anatoa udenda bila kuacha, mdomo una vidonda, anayumba au amezubaa tu hana hamu ya kitu. Vilevile kama amekunywa kutoka kwenye chupa yenyewe, hapo usingoje dalili. Suuza mdomo wake kwa maji taratibu, ila usimlazimishe kutapika, dawa inayounguza ikirudi juu inaunguza koo mara ya pili. Na huo mguu ukivimba, ukinuka au akianza kuchechemea usisubiri, huenda kuna kitu kimebaki ndani.