Mungu Mmoja, Nafsi Tatu: Majibu kwa Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha darasa la kipaimara. Huwa nawaambia vijana kwamba Utatu ni kama maji: yakiganda ni barafu, yakichemka ni mvuke, na bado ni maji yaleyale. Mwinjilisti ananiambia niache mfano huo. Una kosa gani? (Mbalizi)

Mwinjilisti yuko sahihi. Maji yaleyale hayawi barafu na mvuke kwa wakati mmoja. Yanaacha hali moja ndipo yaingie nyingine. Kijana ataondoka akiamini kuwa Mungu alikuwa Baba, akageuka Mwana, kisha akageuka Roho. Fundisho hilo lilisikika Roma tangu karne ya 3, likahusishwa na mtu aitwaye Sabelio, na kanisa likalikataa. Someni Mathayo 3:16-17: Mwana ametoka majini, Roho anashuka, Baba ananena, yote papo hapo. Tena Gethsemane Yesu hakuwa anajiomba mwenyewe.

Wanaokimbia kosa hilo huangukia la pili. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, bora kuliko vyote lakini kiumbe tu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ulijibu kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa, na uungu wake ni uleule mmoja wa Baba. Kosa la tatu, ambalo husikika sana hata kwa waumini wa miaka mingi, ni kuwagawia uungu, kila nafsi theluthi yake.

Andika ubaoni mistari mitatu. Kwanza: Mungu ni mmoja (Kumbukumbu la Torati 6:4). Pili: Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu (Yohana 20:28), Roho Mtakatifu ni Mungu (Matendo 5:3-4). Tatu: Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba. Kisha kila mfano atakaoleta kijana, mwulize unavunja mstari upi. Wa maji unavunja wa tatu. Hatujaona mfano ambao hauvunji hata mmoja, kwa hiyo usijisumbue kutafuta.

Biblia inataja mkono wa Mungu, macho yake, hata pua. Ana mwili? (Tukuyu)

Hana. Mungu ni Roho (Yohana 4:24). Mkono ni uwezo wake, macho ni kujua kwake. Mwana ndiye aliyetwaa mwili, kwa Mariamu, na hakuuacha alipofufuka (Luka 24:39).

Shikamooni. 1 Samweli 15:11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli. Mstari wa 29 unasema hajuti. Nishike upi? (Mafinga)

Marahaba. Shika yote miwili, maana aliyeandika aliiweka kwenye sura moja akijua anachofanya. Na mstari wa 35 anarudia kusema Mungu alijuta. Sisi tunajuta kwa sababu hatukujua yatakayotokea. Mungu alijua. Tabia yake na kusudi lake havibadiliki (Malaki 3:6), ila anavyomtendea mtu hubadilika pale mtu anapogeuka. Kanuni yenyewe iko wazi katika Yeremia 18:7-10, na Ninawi iliokoka kwa kanuni hiyohiyo. Sauli naye aligeuka, ila kwenda upande mbaya. Mhubiri anayeunyamazia mstari wa 29 atawapa watu Mungu wa kubahatisha. Anayeunyamazia wa 11 atawapa Mungu asiyeguswa na lolote.

Jirani yangu Morthodoksi anakiri kwamba Roho "atoka kwa Baba", anaishia hapo. Sisi Wakatoliki tunaongeza "na Mwana". Nani kakosea? (Iringa)

Maneno ya jirani ndiyo yaliyo katika kanuni ya imani ya Konstantinopoli ya mwaka 381, yakifuata Yohana 15:26. Nyongeza ilienea upande wa Magharibi baadaye, na Roma yenyewe ilianza kuitumia katika misa mwaka 1014. Mashariki, yaani Waorthodoksi, wana malalamiko mawili: kwamba hawakushirikishwa, na kwamba Baba peke yake ndiye chanzo. Magharibi husema Mwana naye humtuma Roho (Yohana 16:7). Kuhusu utaratibu, tunaona Mashariki wana hoja. Ila nyote wawili mnakiri kuwa Roho ni Mungu, kwa hiyo msinyimane salamu.

Baridi ya Julai imeunguza viazi vyangu vyote kinyunguni, shamba langu la bondeni. Shemasi anasema nina dhambi iliyofichika. Ni kweli? (Makete)

Pole sana. Shemasi hana andiko la kumruhusu kusema hivyo. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu alikataa kwamba wao walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4-5). Alisema vivyo hivyo juu ya kipofu (Yohana 9:3). Mungu ni mwema na ni mwenye enzi, lakini hakutuambia sababu ya kila hasara, na Ayubu mwenyewe hakuambiwa. Kumlalamikia si kukosa imani: Zaburi 13 inaanza kwa kuuliza "hata lini". Omba kwa maneno hayo. Na msimu ujao usipande chini kabisa bondeni, maana usiku hewa ya baridi hutelemka ikatuama huko. Panda juu kidogo, mahali ambapo bado unaweza kufikisha maji.