Ukienda Mafia, uliza maji kwanza

Wengi wanaoniuliza kuhusu kisiwa cha Mafia huanza na mwezi: niende lini? Si swali baya, lakini peke yake halitoshi. Mwezi utakuambia kama utakuta mvua, upepo au potwe, yule papa mkubwa wa madoa. Utakachoona kila siku, saa utakayotoka na chombo utakachopanda vitaamuliwa na maji: yanajaa saa ngapi, yanakupwa saa ngapi, ni bamvua (maji makubwa) au ni maji mafu (maji madogo).

Ghuba ya Chole, iliyo mbele ya kijiji cha Utende, ina kina kifupi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Yakikupwa, mafungu ya mchanga hutokeza katikati ya ghuba, mashua hulala ubavu na akina mama hutembea juu ya mwamba wakichokoa pweza mahali ambapo jana yake jioni ulipita ukiogelea. Mgeni aliyelipia chumba akitarajia kujirusha baharini muda wowote hukasirika bure.

Kuna jambo ambalo manahodha wa huko wanalijua tangu utotoni na wewe unaweza kulijifunza kwa dakika moja. Katika pwani yetu, bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kukupwa kama saa nne. Maji mafu huwa kinyume chake: saa nne asubuhi ndipo yanapojaa, tena bila nguvu kubwa. Kwa hiyo kama safari yako ni ya kuogelea na kutazama matumbawe, hasa ikiwa ni mara yako ya kwanza au una watoto, panga ifike siku za maji mafu, kama wiki moja baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mkondo unakuwa mpole na asubuhi nzima ni yako. Kama unapenda kutembea kwenye mafungu na kutazama maisha ya ufukoni, nenda siku za bamvua.

Nimeanza na maji kwa sababu ndiyo yaliyoamua hata vita vilivyopiganwa hapa, na historia hiyo ndiyo inayokifanya kisiwa hiki, kwangu mimi, kiwe zaidi ya mahali pa kupumzika.

Wajerumani waliichukua Mafia mwaka 1890 pamoja na pwani yote ya Tanganyika. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari yao Königsberg ilikuwa katika bahari hizi. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Unguja alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imesimama bandarini ikitengenezwa mitambo. Kisha ikatoweka. Ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya Mafia, katikati ya mikoko na mikono ya mto. Mitambo yake iliyoharibika ikafunguliwa na kukokotwa kwa nguvu za watu hadi Dar es Salaam ili itengenezwe, halafu ikarudishwa vilevile. Waliokokota walikuwa Waafrika, na majina yao hayamo katika vitabu vinavyotaja kila ofisa wa meli zile. Ningependa kila anayesimulia kisa hiki awataje walau kwa sentensi moja.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia: maji ya delta ni machache mno. Wakazamisha meli ya makaa katika mkono mmoja wa mto ili kuuziba, wasifanikiwe. Januari 1915 wakateremsha askari Mafia, wakapigana na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao huko Ngombeni, kusini magharibi mwa kisiwa, na Mafia ikawa yao. Wakafyeka uwanja wa ndege. Hebu fikiria: mwaka 1915, ndege za mbao na kitambaa, gundi ikiachia kwa joto na unyevu, zikiruka kutoka kisiwa cha wavuvi na wakulima wa minazi kwenda kuitafuta meli ndani ya mikoko. Mwisho zikaletwa kutoka Malta meli mbili za mizinga, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazil, ambazo zilihitaji maji ya chini ya mita mbili tu. Tarehe 6 Julai zikajaribu, zikashindwa. Tarehe 11 Julai zikarudi, ndege ikiwaelekeza kutoka juu risasi zinaangukia wapi, na siku hiyo nahodha Max Looff akaamuru Königsberg izamishwe na mabaharia wake wenyewe.

Sasa ushauri. Usiende Mafia ukitegemea makumbusho ya vita. Mimi sikukuta jengo lenye picha na maelezo, na aliyezoea kusomewa historia ukutani atasema hakuna kitu. Historia hii inaonekana njiani, ukijua pa kutazama. Ukipanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, safari ya kama nusu saa, omba kukaa upande wa kulia; ukirudi, upande wa kushoto. Hali ya hewa ikiwa safi utaiona delta kwa mbali, mto umechanika vipande vipande ndani ya kijani kibichi, na utaelewa mara moja kwa nini meli nzima iliweza kupotea mle. Ukipita baharini utapandia Nyamisati, wilayani Kibiti, na kushukia Kilindoni, mji mkuu wa Mafia. Hapo unaanzia pembeni mwa delta yenyewe, katika mikoko ileile. Ninawashauri wenye afya na nafasi wafanye yote mawili: bahari wakati wa kwenda, ndege wakati wa kurudi. Asiyeweza kuvumilia mawimbi apande ndege bila kuona haya, hasa kati ya Juni na Agosti kusi inapovuma kwa nguvu. Na yeyote atakayerudi kwa chombo cha bahari asipange kazi ya lazima siku inayofuata. Bahari ikichafuka, safari huahirishwa.

Kituo ambacho sitaki ukikose ni kisiwa kidogo cha Chole. Kabla serikali ya Kijerumani haijahamishia makao yake Kilindoni, hapa ndipo mambo ya Mafia yalipoendeshwa, tangu enzi za masultani. Unavuka kutoka Utende kwa mashua ya abiria pamoja na wenyeji wanaotoka sokoni na wanafunzi. Hakuna magari, ni njia za miguu zinazopita chini ya minazi na miembe. Boma la zamani limesimama bila paa, na mizizi ya miti imeshuka juu ya kuta na kuzikumbatia kiasi kwamba huwezi kujua tena kama ni ukuta unaoushika mti au ni mti unaoushika ukuta.

Ukifika hapo usipige picha na kuondoka. Sogea karibu na ukuta mahali ambapo chokaa imebanduka. Utaona mawe yake yana vitundu vidogo vya duara, vimepangana, kila kimoja kina vijistari ndani. Ni matumbawe. Nyumba za matajiri wa Chole, boma la Wajerumani, misikiti ya zamani ya pwani yetu yote, vyote vilijengwa kwa matumbawe, na chokaa iliyoviunganisha ni matumbawe yaliyochomwa. Mimi niliweka kidole juu ya kitundu kimoja, na kesho yake nikaona vijistari vilevile vikiwa hai chini ya maji, rangi ya kahawia na zambarau. Ndiyo maana ninasisitiza utaratibu huu: magofu kwanza, bahari baadaye. Utatazama kwa macho mengine.

Hapohapo Chole kuna popo wakubwa wanaokula matunda, jamii ya wale wa visiwa vya Komoro, wananing'inia kwenye miti mchana kutwa. Simama mbali, usipige makofi wala kurusha kitu ili waruke upate picha. Wanahitaji kulala.

Kama una siku ya ziada na nahodha anasema maji yanaruhusu, nenda kisiwa cha Juani ukaone magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mnamo mwaka 1829 na haukuinuka tena. Njia ya kuingilia ni kupitia mikoko maji yakiwa yamejaa, na lazima utoke kabla hayajakupwa, kwa hiyo usimcheleweshe nahodha kwa ajili ya picha moja zaidi. Kati ya Juni na Septemba, katika fukwe za Juani za upande wa bahari kuu, watoto wa kasa huanguliwa na kushuka majini; uliza Utende kama kuna kiota kinachokaribia siku zake.

Kuhusu matumbawe, hapa nitakaa kidogo.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Kabla ya hapo wavuvi wa baruti walikuwa wakipasua miamba, na wenyeji ni miongoni mwa waliodai ulinzi. Halafu mwaka 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, hasa kwenye miamba ya kusini kama Tutia. Mahali pengine palipona vizuri, pengine bado utaona vifusi vya kijivu. Usisononeke ukivikuta, wala usiruhusu mtu akwambie kwamba bahari yote imekufa. Ndani ya ghuba nimeona bustani za matumbawe ya matawi zilizojaa samaki wadogo wa buluu wanaoingia na kutoka kwa pamoja, pono wakitafuna mwamba kwa sauti unayoisikia kabisa, na chewa mkubwa akiwa ametulia chini ya jiwe kama mwenye nyumba.

Lango la Kinasi, pale ghuba inapofunguka kuelekea bahari kuu, ndipo wapiga mbizi wanapopataka zaidi. Ingia maji yanapojaa: yanaleta maji safi kutoka nje, na unaona mbali. Yakianza kutoka, yanabeba mchanga na uchafu wa ghuba, mwonekano unapungua, na mkondo unaweza kukusukuma nje. Hilo si suala la ujasiri. Kiongozi akisema leo hapana, kubali. Kwa wasiopiga mbizi, miwani, mrija na mapezi ya mpira vinatosha kabisa kwenye sehemu za kina kifupi, maadamu unaelea na hukanyagi. Kidole chako kimoja au mguu mmoja huvunja kilichokua kwa miaka mingi. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, na usinunue wala kuokota matumbawe na makombe makubwa, hata yakiwa yamekufa.

Potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe, hana habari na matumbawe. Anapatikana upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, ambako maji ya Rufiji yanarutubisha bahari na uduvi ni mwingi. Msimu wake ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Ogelea ubavuni mwake ukiacha mita kadhaa, usimguse, usimkatize mbele, usimzongee mkiwa wengi. Chagua mwenye mashua anayezima injini mapema na anayekubali kuondoka pakijaa vyombo. Hapo ndipo mteja ana nguvu kweli: ukimwambia kabla ya kulipa kwamba hutaki kumfukuza mnyama, atakusikia.

Kwa hiyo nikilazimika kutaja mwezi, nitasema Novemba au mwanzoni mwa Desemba kwa anayetaka potwe na miamba ya nje pamoja. Anayetaka kasa aende Julai na akubali upepo. Aprili na Mei ni masika, na baadhi ya mahoteli hufungwa.

Mengine ni mafupi. Benki ziko Kilindoni, si Utende, basi maliza mambo ya fedha mapema. Kiingilio cha hifadhi hulipwa getini ukielekea Utende, raia hulipa pungufu ya mgeni, hivyo beba kitambulisho na utunze risiti. Watu wa Mafia wengi ni Waislamu: nguo za kuogelea ziishie ufukweni kwa hoteli, vijijini funika mabega na magoti, na mzee muamkie kabla hujamuuliza chochote. Ukimpa shikamoo yake na kukaa naye kibarazani, mara nyingi utapata habari za Kua na za Wajerumani ambazo hakuna mwongozaji atakayekupa kwa haraka.

Na ukitoka Mafia ukiwa na hamu ya kuona chuma chenyewe, subiri siku utakayopita Mombasa. Baada ya meli kuzama, Wajerumani waliing'oa mizinga yake yote kumi na kuitumia kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus, na humohumo umewekwa mzinga wa Pegasus.