Takrolimasi, presha na fosfeti za kwenye protini

SWALI: Mdogo wangu amepandikizwa figo na anameza takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, asubuhi na jioni. Daktari alisema dawa hiyo inazuia fosfeti kuondolewa kwenye protini. Je, apunguze vyakula vyenye fosfeti? Na mbona presha imepanda tangu aianze?

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Chakula asikipunguze kwa sababu hiyo. Fosfeti ya kwenye damu ni habari nyingine, na kwa waliopandikizwa figo mara nyingi hushuka miezi ya mwanzo. Akijinyima ovyo anaweza kujiumiza. Vipimo vyake ndivyo viamue.

Daktari alikuwa anazungumzia fosfeti ambayo seli huibandika kwenye protini na kuibandua, ili kuiwasha au kuizima protini hiyo. Ndani ya seli T, askari wa kinga ya mwili, kuna protini iitwayo NFAT. Seli ikiwa imetulia, NFAT imebandikwa fosfeti nyingi na inabaki nje ya kiini. Seli T ikishaitambua figo kuwa ni ya mtu mwingine, kalsiamu hupanda ndani yake na kuamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini. Kimeng'enya hicho huzibandua fosfeti, NFAT huingia kwenye kiini na kuwasha jeni la interlukini-2, yaani kemikali inayoziamuru seli T kuongezeka, kisha seli T huzaliana kwa wingi na kuishambulia figo. Takrolimasi hushikana na protini ya FKBP12, na kwa pamoja huiziba kalsinyurini. Fosfeti zisipobanduka, amri ya kushambulia haitoki.

Tatizo ni kwamba kalsinyurini haiko kwenye seli T pekee. Ndani ya figo ipo protini inayorudisha chumvi mwilini, nayo hufanya kazi ikiwa na fosfeti. Kalsinyurini ikizibwa, fosfeti hiyo hukaa, chumvi hurudi kupita kiasi, presha inapanda. Kwa hiyo apunguze chumvi, na daktari ajue. Mikono ikitetemeka au sukari ikipanda, pia aseme. Dozi asiiguse mwenyewe hata siku moja: figo inaweza kukataliwa bila yeye kuhisi chochote.

Balungi aliache kabisa, maana hupandisha kiwango cha dawa kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu hukishusha sana, hivyo popote atakapotibiwa ataje takrolimasi kwanza. Na siku ya kupima kiwango, dozi ya asubuhi aende nayo mfukoni, aimeze baada ya kutolewa damu. Akiimeza kabla, majibu yatapotosha.