Ukitaka msaada kwenye umati, ita mtu mmoja

Mimi najitolea kwenye huduma ya kwanza, nimeshahudumia sana kwenye mechi na mikutano mikubwa, na kila nikifika mtu kadondoka nakuta hali ni ileile, watu wamejaa, wengine simu mkononi wanarekodi, ukiuliza nani kapiga namba ya dharura wanaangaliana. Siyo roho mbaya jamani! Kila mmoja anajua kuna mwenzake kashapiga.

Wanasaikolojia wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walilipima hili mwaka 1968. Kila mwanafunzi alikaa chumba chake akiongea na wenzake kwa maiki na hedifoni, ghafla mmoja akasikika kama kapatwa na kifafa (ilikuwa sauti iliyorekodiwa). Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla hajanyamaza, ila waliodhani kuna wengine wanne wanasikia walikuwa asilimia 31 tu. Na hawa waliobaki ndani wengi walikutwa mikono inatetemeka, viganja vina jasho, yaani roho inawauma lakini miguu haiendi.

Kwa hiyo usipige kelele "jamani saidieni", hiyo haina mwenyewe. Mnyooshee mtu kidole, mwangalie usoni: "Kaka mwenye shati la kijani, piga namba ya dharura sasa hivi, usiondoke, niambie wamesemaje." Mimi nikisema hivyo mtu aliyekuwa kasimama kama gogo anabadilika palepale, anaanza hadi kuwapanga wenzake wasogee. Hata ukiwa wewe ndiye uliyeumia fanya hivyohivyo kama sauti inatoka, na sema shida yenyewe, "siwezi kupumua", maana watu wakiona wenzao wametulia wanadhani hakuna kitu.

Kwenye magrupu ya simu pia, ukiomba msaada kwa wote utaona wamesoma kimya, mtumie mmoja inboksi.

Na ukiwa wewe ndo umesimama pembeni, uliza kwa sauti "nani kapiga simu?", kama hakuna jibu piga wewe, wakipiga wawili hakuna hasara. Akiwa ni wa kifafa usimkandamize wala usimtie kijiko mdomoni, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa, ikipita dakika 5 bado anatikisika anahitaji ambulensi haraka.