Sapu mbili zilinifundisha kufunga desa

Juzi mdogo wangu mmoja kaniandikia saa nane usiku: "Dada, nimeshika sapu tatu, na nilikuwa nakesha kila siku. Mimi sina akili, eeh?"

Sapu, yaani mtihani wa kurudia somo ulilofeli. Nilicheka, halafu ikaniuma. Mwaka wa kwanza hosteli nzima ilikuwa inaniita Mama Msuli, kwa nilivyokesha nasoma. Madesa yangu, zile notsi za masomo, yote yalikuwa ya njano kwa maka, hata vichwa vya habari nilipaka. Somo la Takwimu niliingia UE, mtihani wa mwisho wa muhula, nikiwa na 27 kati ya 40 za kozi wek, yaani kazi na majaribio ya muhula, najua nakwenda kumalizia tu. Swali la pili likataka fomula. Ukurasa wenyewe niliuona kabisa kichwani, mpaka doa la chai kwenye kona ya chini. Fomula haikuja.

Sapu mbili. Mjomba akasema mbele ya wageni, mkono ukiwa kwenye pilau: "Chuo si cha kila mtu." Nimemaliza na GPA ya 4.1, mjomba, kama unasoma hapa.

Aliyeniokoa ni rumeti wangu, mtu wa kulala saa nne. Jioni ya siku ya kipindi alikuwa anafunga desa, anageuza karatasi chakavu, anaandika yote anayokumbuka. Kisha anafungua, anajisahihisha kwa peni nyekundu. Nusu saa, kalala. Nilikuwa namwona mvivu!

Baadaye nikakuta watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walishalipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Wiki moja baadaye, waliojipima bila kuangalia ndio waliokuwa mbele. Zile dakika 5 ndizo zinazotudanganya usiku wa kuamkia pepa.

Kwa hiyo wadogo zangu, fungeni desa. Past paper ifanye desa likiwa limefungwa. Diskasheni nayo, anayeeleza aeleze bila kuchungulia, na wewe usiwe wa kuitikia "ndiyo, ndiyo" kila siku. Bumu, ile pesa ya mkopo, likiingia acheni kupotea wiki nzima. Mkirudi mnaanza kukesha kama mimi, na kukesha mnakuita kusoma.

Jana huyo mdogo wangu kanitumia picha ya karatasi yake ya kwanza. Mistari minne, mitatu imekatwa kwa nyekundu. Nimemwambia anitumie nyingine Ijumaa.